Gemu bora ya mwaka hufika Kiuyu mwaka gani?

*Na Mwandishi Wetu, Kiuyu, Pemba*

SHEREHE ilianza Los Angeles saa kumi na nusu jioni, Alhamisi ya 12 Desemba 2024. Kwa Pemba ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa.

Ukumbi wa Peacock Theater ulijaa watengenezaji wa michezo ya video kutoka Japani, Marekani na Ulaya. Orkestra ikapiga, taa zikazunguka. Waandaaji wa tuzo hizo, The Game Awards, walisema baadaye kwamba matangazo ya usiku ule yalitazamwa moja kwa moja mara milioni 154 duniani.

Kiuyu ilikuwa imelala. Mwezi ulikaribia kutimia, na katika mbaamwezi kama ile wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao hutaka giza na taa, kwa kawaida huwa wamepumzisha nyavu. Bamvua lilikuwa linaingia, kwa hiyo wenye mashamba ya mwani walikuwa na safari ya pwani maji yakishatoka. Jina la mshindi mkuu lilipotajwa, kiasi cha saa moja asubuhi, watu wameshaamka na kila mmoja ameshika lake.

Mshindi alikuwa Astro Bot, mchezo wa roboti mdogo uliotengenezwa Japani na studio ya Team Asobi. Ili kuucheza unahitaji mashine moja tu, nayo ni PlayStation 5.

Gemu zinazochezwa na vijana wa Pemba barazani ni nyingine. Utakuta Dream League Soccer, ludo ya simu, na PES ya zamani ambayo mafundi wa mitaani wameitia majina ya wachezaji wa msimu huu. Utakuta pia Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004. Wengi hawakuzipakua dukani. Wamerushiana kwa Xender, simu kwa simu, bila kugusa bando.

Kila mwisho wa mwaka magazeti na tovuti za nje hujaa orodha za gemu bora, na kila mwaka hugombewa kama matokeo ya mechi ya Simba na Yanga. Kwa mtu wa Kiuyu, orodha hizo zina faida gani? Wengi watakujibu upesi kwamba hazina. Mimi naona zinayo, ila haipo pale zinapoielekeza kamera.

Kiuyu ipi?

Ukisema Kiuyu mbele ya Mpemba utaulizwa ipi. Ipo Kiuyu Minungwini katika Wilaya ya Wete. Ipo Kiuyu Mbuyuni, Wilaya ya Micheweni, kwenye rasi ya kaskazini mashariki inayokwenda kumalizikia Ras Kiuyu na msitu wake. Zote ni Mkoa wa Kaskazini Pemba, na zote ni nchi ya watu wa bahari, mwani, muhogo na, kwa upande wa Wete, karafuu.

Michezo haikuwa haba hapa kabla ya simu. Kuna bao, kuna karata, kuna resi za ngalawa, na kuna mchezo wa ng'ombe ambao Pemba imejulikana kwao tangu enzi za mababu. Gemu za umeme ndizo mgeni, na mgeni huyu alichelewa njiani.

Tuchukue hiyo San Andreas. Mwaka 2004 ilitangazwa gemu bora ya mwaka katika tuzo za televisheni ya Spike ya Marekani. Mwaka huo Pemba ilikuwa bado inategemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme ulikuwa wa kuvizia. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja kuwashwa 2010. Gemu yenyewe ilitolewa rasmi kwa simu za Android Desemba 2013. Baada ya hapo ilibidi simu zenye nguvu ya kuibeba zishuke bei, zichakae mikononi mwa watu wa mjini, kisha ziuzwe tena mashamba.

Kwa hiyo gemu bora ya mwaka 2004 imeshika Pemba miaka kumi na zaidi baada ya kombe lake. Kwa hesabu za Los Angeles ni mzee. Kwa hesabu za hapa, ni kijana.

> Orodha za nje huhesabu mwaka gemu ilipotoka. Kiuyu huhesabu mwaka ilipofika.

Nani aliwapa kazi ya kuhukumu?

Tuzo za gemu si jambo la jana. Waingereza walianza Golden Joystick mwaka 1983, na gemu bora ya mwaka ule ikawa Jetpac, mchezo mdogo wa mtu mwenye roketi mgongoni. Hizo mpaka leo huendeshwa kwa kura za wachezaji wenyewe. BAFTA, chuo kile kile cha Uingereza kinachotunza filamu, kina tuzo za michezo ya video zinazojitegemea tangu 2004, na hutumia wanachama wake pamoja na majopo ya wataalamu.

The Game Awards ndizo zenye kelele zaidi. Mtangazaji Geoff Keighley alizianzisha 2014, baada ya zile za Spike kufa. Vyombo vya habari zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali hupendekeza wagombea kisha hupiga kura. Kura zao zina uzito wa asilimia 90. Mashabiki duniani kote wanagawana asilimia 10 iliyobaki.

Maana yake ni kwamba hata vijana wote wa Pemba wakikesha kupiga kura, watakuwa wanasukumana ndani ya hiyo asilimia 10. Anayeamua ni mwandishi wa habari wa gemu, mtu ambaye hutumiwa nakala bure na kampuni kabla haijatoka, ana mashine zote mezani, na intaneti kwake hailipiwi kwa GB. Simlaumu. Kila mtu huhukumu kutoka pale alipokaa. Lakini mtu huyo hawezi kujua kama gemu inakubali kurushwa kwa Xender, na hilo hapa ndilo swali la kwanza.

Kombe au tangazo la biashara?

Wanaozibeza tuzo hizi si Wapemba tu. Huko huko kwao malalamiko yapo tele.

Mwaka 2023 washindi wa The Game Awards walipewa sekunde chache za kushukuru, na mbele yao kikawashwa kibao cha kuwataka wamalize, wakati matangazo ya gemu mpya na wageni maarufu wakipewa muda wa kutosha. Watengenezaji wengi walikasirika. Mwaka ule maelfu ya wafanyakazi wa sekta hiyo walikuwa wamepoteza ajira, na jukwaani halikuzungumzwa.

Lawama nyingine ni kwamba jicho la waamuzi hukaa mahali pamoja. Desemba 2025, gemu moja ya Kifaransa, Clair Obscur: Expedition 33, ilibeba makombe tisa peke yake. Ni gemu nzuri, iliyotengenezwa na studio changa ya Montpellier iitwayo Sandfall Interactive, na sina ugomvi nayo. Lakini makombe tisa kwa gemu moja yana maana kwamba kuna vipengele ambavyo gemu nyingine zingeweza kujulikana kwavyo na hazikujulikana.

Lipo na tatizo la kalenda. Among Us, ule mchezo wa kumtafuta msaliti ndani ya chombo cha anga, ulitoka 2018 na orodha za mwaka ule zikaupita kimya. Miaka miwili baadaye, dunia imefungiwa ndani kwa korona, kila mtu akawa anaucheza. The Game Awards zikaupa makombe mawili mwaka 2020, la gemu bora ya simu na la gemu bora ya wachezaji wengi. Mchezo haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba umewafikia watu.

Hapo waamuzi walikiri bila kusema kwamba mwaka wa kutoka si kipimo kizuri. Walifanya hivyo kwa sababu waliochelewa kufikiwa safari hii walikuwa wao.

Karata iliyouza milioni

Wanaozitetea tuzo nao wana hoja, na hoja yao kubwa haitoki kwenye kombe la kwanza.

Angalia Balatro. Ni gemu ya karata, imetengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk na hataki jina lake lijulikane. Haihitaji mashine ya fahari. Inakaa kwenye simu. Usiku ule wa Desemba 2024 iligombea gemu bora ya mwaka ikashindwa na Astro Bot, lakini ikaondoka na makombe matatu: ya gemu bora ya kujitegemea, ya mtengenezaji anayeanza, na ya gemu bora ya simu. Mwezi huo ilikuwa imeuza nakala milioni 3.5. Kufika Januari 2025 zilikuwa milioni 5. Msimu wa sikukuu ulichangia, hilo halikatai mtu, lakini tuzo zilisukuma.

Au chukua Vampire Survivors, kazi ya Luca Galante, Mtaliano anayeishi Uingereza. Picha zake ni za mtindo wa kizamani, na unachofanya ni kutembea tu huku silaha zikijipiga zenyewe. Mwaka 2023 BAFTA iliipa tuzo ya gemu bora, ikaziacha Elden Ring na God of War Ragnarök, gemu zilizotengenezwa na mamia ya watu kwa fedha nyingi.

Na Vampire Survivors kwenye simu ni ya bure. Ilitolewa hivyo Desemba 2022 kwa sababu wezi walikuwa wameshajaza nakala bandia kwenye maduka ya simu, na mwenyewe akaona heri awahi. Inachezeka bila intaneti, na simu ya kawaida inaiweza.

Kwa maneno mengine, waamuzi wa London waliupa kombe la juu kabisa mchezo ambao kijana wa Kiuyu anaweza kuwa nao leo kwa gharama ya bando la kuupakua mara moja, kisha akawarushia wenzake. Tatizo ni kwamba orodha haikumwambia hilo. Ilimwambia ni bora. Haikumwambia unamfaa.

> Orodha ilisema mchezo ni bora. Haikusema ni wa bure, ni mwepesi, na hautaki bando.

Zau anazungumza Kiswahili

Sasa tufike penye uzito. Tarehe 8 Aprili 2025, katika Queen Elizabeth Hall mjini London, BAFTA ilitoa tuzo yake ya mchezo unaovuka burudani, yaani wenye jambo la kumwambia mtu zaidi ya kumpotezea wakati. Ilikwenda kwa Tales of Kenzera: Zau.

Aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu wanamjua kwa sauti: mwaka 2017 alikuwa Bayek, shujaa wa Misri ya kale katika Assassin's Creed Origins, na BAFTA ikamteua kwa uigizaji huo. Baba yake alikuwa amefariki. Yale majonzi, na hadithi alizokuwa akisimuliwa na baba huyo utotoni, ndivyo vilivyozaa mchezo.

Ndani yake kuna kijana aitwaye Zuberi, wa mji wa Amani, aliyefiwa na baba. Marehemu amemwachia hadithi aliyoiandika, na hadithi hiyo ndiyo tunayoicheza. Inamhusu Zau, mganga kijana, ambaye naye hakubali kifo cha baba yake. Anavaa vinyago viwili vya marehemu, cha Jua na cha Mwezi, anamwita Kalunga mwenye mamlaka ya mauti, na wanapatana: Zau akileta roho kubwa tatu, baba atarudishwa.

Zuberi, Amani, Baba. Na mchezo mzima unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Wamo waigizaji waliosema kila neno kwa lugha yetu, jambo lililo nadra kwa gemu za kiwango hicho.

Mtu wa pwani atakuwa na maswali yake, na ana haki. Kalunga ni wa Kongo. Roho zile tatu, Impundulu, Kikiyaon na GaGorib, zinatoka kusini na magharibi mwa Afrika. Jini wetu hayumo, wala wale mashetani ambao Pemba, kisiwa ambacho sifa yake ya uganga ilishavuka bahari zamani, ingeweza kuwasimulia kwa mwaka mzima bila kurudia. Lakini hayo ni manung'uniko ya mtu aliyekwisha kualikwa mezani.

Kilichonikaa zaidi ni mpangilio wa tarehe. Mchezo ulitangazwa kwa mara ya kwanza jukwaani kwenye The Game Awards, Desemba 2023, Salim mwenyewe akisimama kumzungumzia baba yake. Ukatoka 23 Aprili 2024 kwa dola 19.99, chini ya mwavuli wa kampuni kubwa ya Electronic Arts. Julai 2024 studio yake, Surgent Studios, ikapunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Oktoba, idara nzima ya michezo ikapewa taarifa kwamba huenda ikafungwa. Novemba ukateuliwa kwenye The Game Awards katika kipengele cha michezo yenye athari kwa jamii, ukashindwa na Neva. Kombe la London lilikuja mwaka uliofuata, baada ya watu kwenda nyumbani.

Anayesema tuzo ni biashara tupu atauchukua mfano huu. Kutangazwa jukwaani hakukuuza vya kutosha, na sifa ilichelewa kuliko mishahara. Studio yenyewe haikufa, Julai 2025 ilitoa mchezo mwingine, Dead Take, lakini huo ni wa kutisha na umewekwa Hollywood. Zau hajapata mdogo wake.

Na kwa Kiuyu? Gemu inayozungumza Kiswahili ilitoka kwa PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta. Kwa simu haikutoka. Dola 19.99 ni kama shilingi 50,000 na kitu, na hapo hujanunua mashine.

Kitabu kilichotembea miaka 28

Kabla hatujakata tamaa, Wazanzibari wana mfano wao wa karibu, ingawa si wa gemu.

Mwaka 1994 riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker huko Uingereza. Ni kitabu cha mtoto wa pwani yetu, kimeandikwa na mtu aliyezaliwa Unguja. Nyumbani wachache walikijua. Kikakaa kwa Kiingereza.

Oktoba 2021 Gurnah akapewa Nobel. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na msomaji wa Kiswahili akakipata kitabu kile kwa lugha ambayo wahusika wake wengi wangezungumza. Miaka 28 ilipita kati ya orodha na kufika.

Ile orodha ya 1994, kwa siku zile, haikumletea mtu wa Micheweni hata ukurasa mmoja. Ilichofanya ni kukiandika kitabu mahali ambapo kisingefutika, mpaka wakapatikana wa kukileta. Zau ameandikwa hivyo hivyo. Mashine za PlayStation 5 nazo zitachakaa, zitashuka bei, zitavuka bahari hadi Mkoani na kupanda magari ya shamba. Siku hiyo mwenye kibanda cha gemu, akitafuta kitu tofauti na mpira, jina la mchezo wa Kiswahili atalipata kwenye orodha ya mwaka 2025.

> Orodha ya mwaka huu ni tangazo. Orodha ya miaka kumi nyuma ni kumbukumbu.

Wazee wana lao

Kuna upande mwingine ambao waandishi wa gemu huupuuza, nao Kiuyu ndio wenye sauti zaidi. Mzazi hajali ipi bora. Anajali mtoto amekosa chuo, macho yamemvimba, na simu imekwisha moto kabla ya Magharibi.

Hoja hiyo haijibiwi kwa makombe. San Andreas, gemu bora ya 2004, ni ya watu wazima: ina bunduki, wizi wa magari na matusi ya kutosha. Tuzo haikuandika umri mlangoni. Mtoto wa miaka tisa anayerushiwa kwa Xender haoni onyo lolote.

Upande wa kamari napo pana vurugu. Balatro hutumia mikono ya poka, lakini hakuna fedha inayowekwa wala kuliwa. PEGI, chombo cha Ulaya cha kupanga umri, kiliipa alama ya miaka 18 mwaka 2024 kwa sababu ya sura hiyo ya kamari, kisha Februari 2025, baada ya rufaa, kikaishusha hadi 12. Wataalamu wenyewe waligeuka ndani ya mwaka mmoja. Mzee wa Kipemba akiona picha ya karata akaizima simu kwanza, atakuwa amefanya walichofanya wao, ila yeye hana kamati ya rufaa.

Hapa orodha nzuri ingemsaidia mzazi kuliko mtoto. Ingemwambia hii ina nini ndani.

Isomwe kutoka nyuma

Ushauri wangu kwa anayetaka kuzitumia orodha hizi ni kuzisoma kinyume. Aruke kombe la kwanza ashuke kwenye vipengele vya chini: gemu ya simu, gemu ya kujitegemea, mtengenezaji anayeanza. Na aache mwaka huu, arudi nyuma.

Washindi wa gemu bora ya simu kwenye The Game Awards wanaonyesha wazi. Mwaka 2021 ilikuwa Genshin Impact, na 2023 Honkai: Star Rail. Zote mbili zinakula GB nyingi na hazichezeki bila intaneti. Kwa simu ya GB 32 ni kama kuhamia na ukoo mzima chumba kimoja. Rudi nyuma zaidi: 2015 Lara Croft Go, 2017 Monument Valley 2, 2018 Florence. Ni nyepesi, ni fupi, hazidai bando ukishazipakua, na simu ambayo leo inauzwa kwa bei ya mkononi inazibeba bila kupata moto. Florence ni hadithi ya mapenzi unayoimaliza kwa muda wa kungoja daladala, na Monument Valley ni mafumbo ya majumba na ngazi ambayo hata mzee wa bao ataikodolea macho.

Kulipia ndiko kunakobaki kikwazo, maana asiye na kadi ya benki hana njia rahisi ya kununua nje. Lakini hapo tunazungumzia dola chache, na dola chache zina njia zake kuliko mashine ya mamilioni.

Zaidi ya kusoma orodha za wengine, kuna kutengeneza yetu. Mwaka 2022 studio za nchi mbalimbali za Afrika ziliungana kuunda Pan Africa Gaming Group, na Tanzania imo kupitia Khanga Rue. Waethiopia wa Qene Games wameutia kwenye simu mchezo wao wa gebeta, ambao ni ndugu wa bao letu. Kazi za namna hiyo haziwezi kungoja jopo la Los Angeles.

Na Zanzibar ina uzoefu wa tuzo zinazotembea. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998 na kutoa Jahazi la Dhahabu, halikuishia Ngome Kongwe. Lilikuwa na safari za kupeleka sinema mashamba, Unguja na Pemba, watu wakaangalia kwenye kitambaa uwanjani. Kombe likaambatana na usafiri.

Orodha ya gemu ya hapa ingekuwa na masharti yake: uzito wa faili kwa MB, kama inataka bando au haitaki, kama inarushika, lugha, na umri wa mchezaji. Mwaka ungehesabiwa kuanzia gemu ilipofika kisiwani. Jopo lingekuwa wenye vibanda, mafundi simu wa Konde na Wete, na mwalimu mmoja wa skuli wa kuwatia breki.

Bao lisingeingia, na si kwa kukosa sifa. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwasoma mabingwa wa bao wa Zanzibar akaandika tasnifu nzima, 1995, kuhusu mipaka ya akili ya binadamu. Mashimo 32, kete 64, na bingwa anaona mbele mitaji ambayo sisi wengine hatuifuati hata kwa kidole. Ila bao halina mwaka wa kutoka. Bingwa wake hutajwa na wale aliowafunga, na wao hawahitaji kura za mashabiki.

Kwa ratiba iliyotangazwa Novemba 2025, Grand Theft Auto VI itatoka 19 Novemba 2026. The Game Awards kwa desturi hufunga milango ya mwaka karibu na tarehe hizo, kwa hiyo huenda waamuzi wakawa na siku chache tu za kuicheza kabla ya kuipigia kura. Kiuyu haina haraka hiyo. Kwanza kuna vijana ambao hawajaimaliza San Andreas.